Barua kwa Mwanangu: Ukishalipa Kodi, Unadaiwa Nini Zaidi?

Same, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa,

Huku sote hatujambo, na mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma kwa utulivu, na nimeona nisiujibu kwa simu, kwa maana kwenye simu wewe na mimi hukatizana kabla neno halijafika mwisho.

Umeniambia kwamba mwenyekiti wa mtaa wenu alikuja kukuomba uingie katika kamati ya mapokezi ya ujenzi wa madarasa ya shule ya msingi, kwa kuwa amesikia wewe ni mhasibu, nawe ukamkatalia kwa adabu. Kisha ukaniuliza: mtu ambaye kodi yake hukatwa kwenye mshahara kabla hajauona, anayefuata sheria na anayepiga kura, anadaiwa nini zaidi na nchi yake? Ukaongeza kwamba kazi kama hiyo, ikiwa kweli ni muhimu, basi atafutwe mtu alipwe aifanye, na kwamba wewe ni mpangaji tu ambaye mwakani huenda ukahamia kwingine.

Nitaanza na kodi, kwa sababu ndiyo uliyoitanguliza, na kwa sababu katika milima hii kodi ina historia ambayo shuleni haifundishwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Mwingereza pamoja na machifu wa Upare walileta kodi iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, tofauti na ile iliyomtoza kila mwanamume kiasi kimoja. Iliitwa mbiru. Ukiisoma kwenye karatasi utaiona ni kodi ya haki, maana mwenye nacho analipa zaidi; lakini wazee wetu waliona kwamba ukadiriaji wenyewe haueleweki, una upendeleo, na kwamba aliyekadiriwa hana pa kuuliza. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, wakapiga kambi karibu na boma, na kambi hiyo ikaendelea kwa miezi, bila silaha, wakitaka utaratibu ule uondolewe. Hawakukataa kodi kama kodi. Walikataa kutozwa kwa hesabu wasiyoruhusiwa kuiona.

Mwaka uliofuata, wanawake wa Usangi nao waliandamana. Bibi yako alikuwa msichana mdogo huko, na alikuwa akisimulia habari hizo akicheka, ingawa maneno mengine waliyomwambia yule ofisa wa serikali siwezi kumwandikia binti yangu. Ninalotaka ulione ni kwamba wanawake hao hawakuwa walipa kodi. Kodi ilitozwa kwa wanaume. Hata hivyo waliona kwamba jambo lile linawahusu, kwa kuwa waume zao walikuwa Same, mashamba yalikuwa yanaachwa, na nyumba ziliendeshwa na wao peke yao. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa.

Kwa hiyo unaponiambia kwamba umelipa kodi na hivyo umemaliza, mimi nasikia kinyume chake. Ukishalipa, ndipo unapokuwa na jambo la kuuliza. Tena usidhani kwamba wewe wa kukatwa kwenye mshahara ndiye mlipa kodi peke yako. Mama ntilie wa pale kituoni kwenu, ambaye hana hati ya mshahara, analipa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani kila anaponunua sabuni dukani. Kama kulipa kodi ndiko kunakompumzisha raia, basi nchi nzima imepumzika, na hakuna aliyebaki kuangalia fedha hizo zimekwenda wapi.

Sasa tuje kwenye hiyo kamati uliyoikataa, kwa sababu naona uliikataa bila kuambiwa vizuri ni kitu gani. Siku hizi madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha huingia katika akaunti ya shule au ya kituo, vifaa hununuliwa hapo hapo, na mafundi wa jirani huajiriwa mahali pa mkandarasi mkubwa. Ndivyo yalivyojengwa yale madarasa 15,000 ya mwaka 2021 na 2022 yaliyotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Utaratibu huo hupunguza gharama, lakini huondoa pia msimamizi mwenye mkataba wa kushitakiwa, na nafasi yake huchukuliwa na kamati za watu wa pale pale: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi.

Kamati ya mapokezi ndiyo inayokuwapo mzigo unapoteremshwa. Lori limeleta saruji: ni mifuko mingapi, na kila mfuko una kilo 50 kweli, au mingine imefunguliwa na kushonwa upya? Hati inasema nondo za milimita 12: je, mtu ameleta kipimo akazipima, au ametazama tu kwa macho, wakati kati ya nondo ya 12 na ya 10 jicho la mtu aliyechoka halioni tofauti? Mabati ni ya geji 28 yaliyoagizwa, au ni ya geji 30, ambayo ni membamba zaidi japo namba yake ni kubwa? Mchanga umekuja tripu ngapi, na lori lilikuwa limejaa au lilikuwa nusu? Wajumbe wakishasaini, mzigo umepokelewa, na atakayekuja kukagua baada ya mwaka atakuta karatasi safi. Dari litakalovuja juu ya vichwa vya watoto halitaonekana kwenye karatasi hiyo.

Nimekaa katika kamati kama hizo tangu nilipostaafu, na nakwambia kwa uzoefu kwamba kinachokosekana mara nyingi si uaminifu. Watu wengi tuliokaa nao ni waaminifu kabisa. Kinachokosekana ni mtu asiyeona haya kusema, "Subirini, tuhesabu tena," huku dereva akipiga honi na mwalimu mkuu akitazama saa. Mhasibu amefundishwa kusema maneno hayo, na hulipwa kwa kuyasema kazini. Ndiyo maana yule mwenyekiti alikuja kwako, na mimi namheshimu kwa hilo, kwa sababu mwenyekiti mwenye nia mbaya angemtafuta mtu asiyejua kusoma hati ya mzigo.

Kuhusu malipo una hoja, wala sitaki kuipuuza. Kuna kazi ambazo nchi hii imezoea kuwabebesha watu wa kujitolea kwa sababu ya kubana matumizi. Kijana mwenye cheti cha ualimu anafundisha kwa muda mrefu bila ajira. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapita nyumba kwa nyumba kwa posho asiyojua itakuja lini, kama itakuja. Hao wanafanya kazi ya kila siku ya taaluma, wanastahili mshahara, na mtu anayewasifu kwa moyo wao huku akikwepa kuwalipa anawadhulumu. Ukikataa kuombwa kazi ya namna hiyo bure, mimi niko upande wako. Lakini kamati ya mapokezi ni ya saa chache kwa wiki chache, na thamani yake yote imo katika kwamba wewe hutegemei mradi ule kwa chakula chako. Mpe mtu huyo mshahara kutoka katika mradi, na siku ya kukataa nondo atakuwa na mwajiri wa kumwogopa.

Katiba yenyewe, ile ya mwaka 1977, katika ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na inataka watu wote wapige vita uharibifu na ubadhirifu. Haikusema kila mwajiriwa wa serikali. Nilipokuwa nikifundisha uraia, wanafunzi walikuwa wakikariri haki zote za ibara ya 12 hadi ya 24 bila kukosea, na tukifika kwenye wajibu, kuanzia ibara ya 25, kengele ilikuwa imekaribia kulia. Nadhani ndivyo ilivyo hata nje ya darasa.

Jambo jingine ambalo vijana wa umri wako hamkuliona ni kwamba nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila serikali za mitaa. Mwaka 1972, kwa mpango wa madaraka mikoani, mabaraza yaliyochaguliwa na wananchi yaliondolewa na kazi zake kukabidhiwa kwa maofisa. Nia ilielezwa kuwa ni kuharakisha maendeleo. Matokeo yake mijini yalikuwa mitaro iliyoziba, barabara zilizochakaa na kipindupindu, hata ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha pia ya vijijini. Sasa ibara ya 146 inasema waziwazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mimi niliyaona yote mawili, na ninaposikia msomi wa mjini akisema mikutano ya mtaa ni kupoteza muda, hujiuliza kama anajua kwamba tuliwahi kunyang'anywa mabaraza yetu na nini kilitokea.

Kwetu kijijini, mkutano mkuu unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Ajenda muhimu kuliko zote ni kusomwa kwa mapato na matumizi, na kwa desturi mbaya iliyozoeleka huwekwa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuinuka kwenda kukamua ng'ombe. Kuna mzee mmoja hapa jirani ambaye hajawahi kushika cheo chochote, lakini hukaa mpaka ajenda hiyo ifike, kisha huomba mstari wa matumizi ya kawaida urudiwe polepole. Ni hilo tu. Tangu aanze tabia hiyo, watendaji wanaokuja hapa huandaa hesabu zao vizuri zaidi.

Najua wewe hupendi kusimama mbele za watu, na hilo si kosa. Ndiyo maana nasema njia ni nyingi, na mtu asilazimishwe kupita ile isiyomfaa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, kisha huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Magazeti huchukua yale mabilioni makubwa ya mashirika, lakini ndani yake kuna habari za halmashauri pia, na mtu wa kawaida akiona imeandikwa kwamba halmashauri yake imepata hati inayoridhisha, anadhani fedha zimetumika vizuri. Wewe unajua kwamba hati hiyo inasema tu hesabu zimeandaliwa kwa usahihi na kwa kufuata viwango. Zinaweza kuonyesha kwa usahihi kabisa fedha iliyotumika vibaya. Kuwaelezea jambo hilo watu ishirini wa mtaa wako, kwenye kikundi chenu cha simu, bila matusi na bila chama, ni utumishi ambao mimi, pamoja na miaka yangu yote ya ualimu, siwezi kuufanya.

Na pale ambapo taarifa haijawekwa wazi, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuandika barua kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Watu wachache wanaitumia. Barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa heshima na kutaja sheria, hufungua makabati ambayo kelele za barazani hazifungui. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Wengine wamepita njia ndefu zaidi. Rebeca Gyumi aliifungulia Serikali kesi kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya kutimiza miaka 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Katiba, ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria za nchi, na binti huyo aliichukua haki hiyo kama ilivyoandikwa. Siyo njia ya kila mtu, kwa kuwa inadai miaka, mawakili na ngozi ngumu.

Wengine tena hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika. Hakuna kamati iliyowateua. Babu yako naye, mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio: watu wapatao milioni mbili nchini walikuwa wakikusanyika katika vikundi kama hicho, wanasikiliza kipindi, wanajadili, kisha wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Vyoo vingine vya wakati ule vilichimbwa hapa kwetu, na magonjwa ya kuhara yaliyokuwa yakiwazika watoto kila masika yalipungua. Yeye mwenyewe elimu yake ilikuwa darasa la nne.

Kutoa damu sihitaji kukueleza, kwa kuwa ulianza ukiwa chuoni, ila nakukumbusha kwamba wanawake wanaruhusiwa kila baada ya miezi minne, na mahospitali yana shida zaidi wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa wamekwenda makwao. Na hata kudai risiti dukani, ambako wewe ulikuwa ukiona aibu ukiwa na wenzako, ni sehemu ya jambo hili hili. Kodi uliyomlipa mwenye duka na isiyotolewa risiti inaweza kuishia mfukoni mwake, nawe umelipa bure.

Kuhusu upangaji, umechanganya mambo mawili. Haki ya kushiriki katika mkutano wa mtaa inatokana na ukazi, haitokani na hati ya nyumba. Mwenye nyumba wako anaishi kwingine na watoto wake wanasoma kwingine. Wewe ndiye unayelala hapo, unayepita kwenye mtaro ule na ambaye taka zako hukusanywa au hazikusanywi. Kama kuna mwenye sababu ya kuuliza, ni wewe. Usimchanganye pia mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa nyumba kumi. Watu wengi bado huwaendea wajumbe hao kwa barua za utambulisho, kwa mazoea ya enzi za chama kimoja, lakini tangu mwaka 1992 vyama viwe vingi, hicho ni cheo cha chama. Mwenyekiti na wajumbe wa serikali ya mtaa ndio waliochaguliwa na wakazi, kama katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Kujua hivyo kutakuokoa na hofu yako kwamba ukiingia kwenye kamati utaonekana umejiunga na chama fulani.

Hata hivyo sisemi lazima urudi ukubali. Msimu wako wa kufunga hesabu kazini naujua, na mtu aliyekubali kamati kisha asitokee siku ya lori ana madhara kuliko aliyekataa mapema, kwa sababu jina lake hubaki kwenye orodha na wengine husaini wakidhani yupo. Kama huna Jumamosi zako, mwambie mwenyekiti ukweli huo, lakini usimwache mikono mitupu. Mwambie utawatengenezea leja rahisi ya vifaa, yenye safu za tarehe, kilichoagizwa, kilichopokelewa, kilichotumika na kinachobaki, na kwamba utaipitia pamoja nao jioni moja kila wiki mbili mpaka madarasa yaezekwe. Kazi hiyo utaifanya vizuri kuliko kusimama juani, na mtu mwingine mwenye muda, pengine yule fundi seremala mstaafu uliyeniambia anakaa nyumba ya tatu, atashika kipimo cha nondo.

Nami nina ombi. Mkutano mkuu wa kijiji chetu utakuwa mwezi ujao, na tunataka kuuliza kuhusu boma la zahanati ambalo wananchi tuliliinua hadi kwenye lenta kwa michango na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, na ambalo bado halijaezekwa. Nitafutie katika ripoti ya ukaguzi sehemu inayoihusu halmashauri yetu, uone kama imetajwa miradi ambayo haijakamilika, na unieleze kwa maneno mepesi hoja zinasema nini na menejimenti ilijibu nini. Nitumie kwa simu ya mama yako, kwa maana yangu imejaa na haipokei mafaili makubwa.

Ni mimi baba yako.